Siku Themanini na Nne

Alinionyesha kalenda ya ukutani,
ya duka la pembejeo, picha ya mtu akipuliza salfa,
akahesabu kwa ncha ya kalamu: themanini na nne.
"Sikuachi, Somoe. Najifungua tu, narudi."
Nikasema hongera sana, Bi. Eustela,
nikalitazama tumbo lake kama mtu anayemtazama
mdaiwa asiyejua kwamba anadaiwa.

Mimi ni karani wa mizani, ghala la chama, Newala.
Kazi yangu ni kutoa uzito wa gunia
ili mtu alipwe korosho, asilipwe gunia.
Yeye alilipenda hilo. Siku moja aliniuliza,
"Na hasira yako hiyo, gunia lake kilo ngapi?"
Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu Machi.

Jumatano ya kwanza nilikwenda hivyo hivyo, saa nne kamili.
Miguu haikupewa barua ya likizo.
Chumba cha mwisho, ukipita kliniki ya macho,
kufuli, na karatasi imebandikwa kwa plasta ya vidonda.
Nikakaa kwenye benchi.
Mfagizi akaja na dekio lake, akasema, "Inua miguu, mama."
Nikainua.
Basi, hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu.

Aliniachia namba ya mwenzake wa Masasi
na daftari la kurasa arobaini.
Daftari nililifunikia ndoo wiki tatu
(huku juu maji yana bei, yafunikwe).
Namba niliiandika "Fundi Cherehani,"
mume wangu asije akauliza.
Yeye haulizi. Hugeukia ukuta, hukoroma kwa adabu.
Wifi huleta ming'oko ya kuchemsha, hunimenyea,
huniambia utapata mwingine,
kama ndoo iliyotumbukia kisimani.

Msimu ukafunguka. Malori, vumbi, watu kugombea foleni.
Mama mmoja akapanda na gunia lake kwenye bamba la mizani
kulinyoosha lisianguke, mtoto mgongoni,
na namba zikaruka.
Nikasema, "Shuka, mama, mizani inawasoma wote."
Neno "wote" halikutoka zima.
Nikaenda nyuma ya magunia, nikampigia Fundi Cherehani.

Sauti ya kijana. Alikuwa anakula.
"Samahani, dada, ngoja nimeze."
Nikangoja ameze.
Sijui kwa nini hilo lilinishika mkono,
mtu kumeza tonge kwa ajili yangu.
Hakuwa kama yeye. Aliuliza upesi upesi,
kanyamaza pasipostahili, kasema "sawa sawa" mara nyingi.
Mtandao ukakata, akapiga yeye.

Sasa Jumatano saa nne naandika.
Ukurasa wa kwanza: *Namwonea wivu mtoto wa mtu
ambaye sijamwona.* Nikataka kuuchana.
Nikauacha. Hata korosho mbovu huandikwa,
kwa safu yake, daraja lake.
Kuna Jumatano naandika bei ya sukari tu.
Kuna Jumatano nalala na kalamu.
Moja nilikwenda hadi benchi, mfagizi akanitambua,
akadeki kwingine.

Leo ni ya sitini na moja.
Nimeshapanga. Akirudi sitaanza na usingizi,
wala ukuta wa mume wangu, wala wifi.
Nitamuuliza wake alizaliwa kilo ngapi,
na nitasikiliza jibu mpaka mwisho.
Halafu nimwambie langu, kwa kuwa hakuna fomu iliyoliandika:
nilipewa nimshike kabla hawajamchukua,
na mikono hii, bibie, hushinda na magunia.
Kilo mbili na robo tatu.
Uzito wa kitenge nimeshautoa.